Mngoja Kusi

Saa kumi na moja jioni imefika na fundi hajapiga hata picha moja.

Tumeketi kwenye ukuta wa Mama Ngina, Mombasa, pale kisiwa kinapokatika ghafla na mwamba wa matumbawe kushuka wima mpaka majini. Nyuma yetu ni mibuyu. Mbele yetu ni mlango wa Kilindini, ambamo meli za makontena hupita karibu hata baharia akipunga mkono sitahani unamwona. Ni mwezi wa Mei. Kusi imeshika, na tangu alasiri wingu zito limekaa upande wa kusini mashariki, halisogei wala haliondoki. Mimi nimeshakula mihogo miwili ya kuchoma, ile inayopasuliwa ikapakwa pilipili na ndimu, nimekunywa dafu, nimejibu simu nne. Yeye ameisimamisha kamera juu ya tripodi, ameivika kofia ya plastiki ya kuogea ya mkewe, kisha amekaa kama mtu aliyekuja kupunga upepo.

Nimezoea kumwita ami. Si ndugu wa baba yangu, lakini mtu aliyempiga mama yako picha za harusi humwiti kwa jina. Kazi iliyomlisha miaka yote ni studio: picha za pasipoti, maharusi, watoto wa Idi waliosimamishwa mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Dhoruba haijapata kumlisha hata siku moja. Kila mwaka, kusi ikiingia, humwachia mwanawe studio kuanzia alasiri, akabeba vifaa vyake, akaja ukutani. Nimekuja naye mara nyingi, na nakiri kwamba mara nyingi zaidi tumerudi bila kitu.

"Yuwaja," akasema ghafla, kwa sauti ya mtu aliyemwona mgeni wake kwenye kona ya mtaa.

Asiye wa Mombasa hatalisikia neno hilo kama ninavyolisikia mimi. Kwa Kimvita mvua "yaja", upepo "waja". "Yuwaja" ni mtu. Nilimuuliza siku moja kama ni ulimi umeteleza. Alicheka tu, akanimiminia kahawa.

Nikatazama wingu. Halikubadilika. Nikamtazama yeye, nikaona macho yake hayako juu kabisa. Yako juu ya maji, mbali, karibu na upeo. Dalili ya mvua ni mawingu, husema, kwa mtu aliye nyumbani kwake. Aliye ukutani atazame bahari. Kulikuwa na mstari mwembamba, upande huu maji ya kijivu yenye kung'aa, upande wa pili rangi ya risasi, na kwenye mpaka wa rangi hizo mbili mawimbi yalikuwa yameanza kuota mvi. Mstari ule ulikuwa unatujia. Dakika chache baadaye upepo ukaanguka. Bendera za wauza madafu zikalala kwenye vijiti vyake, joto likatushika shingoni, na watu waliokuwa wamekaa wakasimama bila kujua kwa nini. Fundi akaivua kamera kofia.

Jambo lenyewe si muujiza, na yeye hapendi lifanywe muujiza. Mvua inapomwagika mbali baharini huipoza hewa iliyo chini ya wingu; hewa baridi ni nzito, huanguka, ikifika majini haina pa kwenda ila kutambaa mbele ikiitangulia mvua yenyewe. Hewa ya joto iliyokuwa imekaa pwani hupandishwa juu kwa nguvu, na pale inapopandishwa hutokea wingu la mbele, refu, la chini, limejiviringisha kama mkeka uliokunjwa. Ndilo analolingoja. Kutoka kwenye ule utulivu wa ghafla mpaka mkeka ule upite juu ya vichwa vyetu kuna robo saa, pengine chini ya hapo. Kazi yote ya mwezi mzima imo katika robo saa ile, na mengine yote ni kuitayarishia.

Matayarisho ndiyo yaliyonifanya nimheshimu. Mimi nilidhani mpiga picha wa dhoruba hukimbilia dhoruba. Yeye huanza na kalenda ya Hijria iliyotundikwa studio, ile inayotolewa na wenye maduka kila mwaka. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndiyo siku za bamvua, na bamvua ya Mombasa hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Kila mvuvi analijua hilo kabla hajajua kusoma. Kila siku inayofuata maji huchelewa kidogo, nusu saa na zaidi. Kwa hiyo tarehe 16 au 17 ya mwezi, maji makubwa hujaa jua likielekea kuzama. Tarehe 8 au 22 usimtafute, ni maji mafu, atakuwa anapiga pasipoti.

Na kwa nini bamvua? Kwa sababu ya mwamba wa nje. Pwani yetu karibu yote imezungushiwa ukuta wa matumbawe, na maji yakiwa yamepwa wimbi la kusi, hata likitoka mbali na kwa hasira, huvunjika huko nje likatufikia limeshachoka. Wimbi huvunjika linapokuta kina kisichozidi sana kimo chake. Maji ya bamvua yakipanda zaidi ya mita 3, wimbi lile lile hupita juu ya mwamba bila kujikwaa, likaja kuvunjikia hapa chini ya miguu yetu. Watalii waliokuja asubuhi wakaona bahari tulivu ya ramani, wakirudi jioni huuliza kama kuna tufani imetangazwa. Ni maji kujaa tu.

Sehemu yake ya kusimama ni moja, karibu na pembe ambapo ukuta unapinda, nayo si mahali penye mandhari nzuri. Wengine hukimbilia mbele, ana kwa ana na upepo, na katika dakika moja lenzi zao zimejaa manyunyu. Yeye husimama upepo umpige shavuni. Kamera huiinamisha chini, kama mtu anayesoma kaburi, mpaka sekunde ya kupiga. Akishapiga huiinamisha tena. Kiunoni ana chupa ndogo ya maji ya mvua na leso kuukuu ya pamba iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama ngozi ya mtoto. Leso mpya haifai, ina wanga. Na leso pekee haitoshi, kwani chumvi haifutwi, huoshwa. Ukiisugua kavu juu ya kioo ni kama kukisugua mchanga. Tone la maji kwanza, kisha leso, kisha pumzi, kisha leso tena. Nimeona vijana wenye kamera za bei ya gari dogo wakifuta lenzi kwa ncha ya fulana, na nimeona uso wake anapowaona.

Mawimbi nayo yana somo lao. Watu husema la saba ndilo kubwa. Yeye hahesabu, hutazama nyuma ya wimbi lililo mbele, aone mgongo wa linalofuata. Makubwa huja kwa kundi, matatu au manne, kisha bahari hupumua. Na anapopiga hategemei macho peke yake. Chini ya ukuta, kwenye usawa wa maji, matumbawe yameliwa yakawa na pango refu la kina kifupi. Wimbi likiingia huifungia hewa ndani, na kabla maji hayajaruka juu mwamba hukohoa. Ni sauti ya kifuani, unaisikia kwa miguu zaidi ya masikio. Yeye hungoja kikohozi kile, kisha nusu pumzi, kisha hubonyeza. Akingoja mpaka aone povu juu, anasema, tayari amepiga picha ya povu linaloanguka.

Kuna mgogoro wa zamani kati ya wapiga picha kuhusu maji. Ukifungua shata kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, povu linagandishwa tone kwa tone, kama ushanga uliokatika uzi. Ukiliachia nusu sekunde, linakuwa tui. Picha za aina ya pili zimejaa kwenye kalenda za mahoteli na mimi huzipenda, basi aliniambia kwa upole wote kwamba bahari si tui. Zile za ushanga nazo hazipendi. Anasema zinaonyesha kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona. Yake huipa kiasi cha katikati, sehemu moja ya 125 au ya 250, wimbi lionekane umbo lake lakini kila tone liwe na mkia mfupi nyuma yake, ujue lilikotoka. Nilipolazimika kuzitazama picha zake moja moja kwa ajili ya makala hii ndipo nilipouona ule mkia. Sasa siwezi kutouona.

Radi ni kazi nyingine, na huifanyia nyumbani. Usiku mmoja wa Aprili tulikaa barazani kwake Mji wa Kale, ghorofa ya tatu, umeme umekatika mtaa mzima, na huko mbali baharini wingu lilikuwa likiwaka ndani kama taa ya karabai iliyofunikwa shuka. Nilitarajia awe na kidole chepesi. Wapi! Aliweka tundu la lenzi kwenye 8, ISO kwenye 100, akafungua shata sekunde 20, akafunga, akafungua tena sekunde 20, huku akinihadithia habari za shemeji yake. Radi haifukuzwi, unaacha mlango wazi, ikipita imeingia. Nayo inamaliza shughuli yake katika sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo kuongeza muda hakuifanyi iwe nyeupe zaidi. Muda huongeza mawingu na taa za meli. Ukali wa radi yenyewe huamuliwa na tundu la lenzi na ISO, si muda. Jambo hili nililisoma mara kadhaa bila kulielewa. Nililielewa nikila kaimati gizani.

Katikati ya hadithi ya shemeji alikuwa akihesabu. Umeme ukimulika, midomo yake inacheza. Ngurumo ikifika, anatulia. Sauti huchukua kama sekunde 3 kwenda kilomita moja. Alipofika chini ya 30 kabla ya ngurumo, ndiyo kusema wingu liko ndani ya kilomita 10, alikunja tripodi katikati ya sentensi na kuingia ndani, wala hakutoka tena mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Nikamwambia picha nzuri ndiyo kwanza zinakuja. "Mwanangu," akasema, "hiyo picha nzuri nani atakayeitazama?" Ukutani kwenyewe sheria ni hiyo hiyo, na tena kali zaidi, kwa kuwa pale hakuna paa. Mibuyu ya Mama Ngina inavutia kwa kivuli, lakini wakati wa radi ni mahali pa mwisho pa kujibanza.

Mwambao wetu, kusema kweli, si nchi ya radi. Anayezitaka kwa wingi aende Ziwa Victoria, ambako usiku pepo za nchi kavu hutoka pande zote zikakutana juu ya maji na kulipandisha wingu wakati wavuvi wakiwa kazini. Au apande hadi Kivu: hesabu za satelaiti zilizochapishwa mwaka 2016 ziliiweka Kabare, mashariki ya Kongo, ya pili duniani kwa wingi wa radi baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, zaidi ya 200 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Sisi tunapata chache, nazo huja mara nyingi usiku wa manane au alfajiri. Pengine ndiyo maana amejifunza kuingoja.

Kungoja huku kuna nasaba. Katika miaka ya 1850 bamba la picha lilikuwa na ubishi wa ajabu: liliona rangi ya samawati upesi mno, hata ukipima mwanga ili bahari itoke, mbingu ilikuwa imeungua ikawa nyeupe tupu, ukiipimia mbingu, bahari ikawa lami. Mfaransa Gustave Le Gray alikata shauri kupiga mara mbili, moja ya mbingu na moja ya maji, akaziunganisha kwenye mstari wa upeo. Picha yake ya wimbi kubwa la Sète, ya mwaka 1857, watu waliitazama wakadhani amesimamisha dunia. Mwaka 1882, Septemba, William Jennings wa Philadelphia alifanikiwa kunasa radi, na wachoraji waliokuwa wakiichora kama ngazi iliyovunjika wakaona kwamba inafanana zaidi na mizizi, au na mto unapoingia baharini. Ami anajua habari za Le Gray na anamhurumia. "Hakuwa na njia," anasema. Anaowakasirikia ni wa leo, wenye njia, wanaobadilisha mbingu kwenye simu kwa kubonyeza mara moja.

Hasira yake ina sababu ya karibu. Kila kimbunga kinapotangazwa upande wetu, simu hujaa picha za mawimbi marefu kuliko minara. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Mafia na pwani ya kusini ya Tanzania, nilimpelekea moja ya picha hizo nikiwa nimejawa na hofu. Akaniita studio, akaikuza, akanionyesha kama mwalimu wa Kurani anavyokuonyesha herufi. Mnara ule ni wa ngome ya Nazaré, Ureno. Hakuna mnazi hata mmoja. Mwanga unatoka upande wa bahari na saa ni jioni, basi pwani hiyo inatazama magharibi, na Mombasa inatazama mashariki. Tena wimbi la namna ile lina bonde refu chini ya bahari linalolikusanya na kulinyanyua. Letu lina mwamba wa kulivunja. Sekunde kumi za kutazama zingetosha, na mimi nilikuwa nimeshaitawanya kwa jamaa wote.

Vimbunga vyenyewe kwetu ni wageni wa nadra. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauupi upepo msokoto wa kutosha, na Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini yake. Jobo, Aprili 2021, kilichoka kabla ya kufika Dar es Salaam. Lakini nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliishukia Unguja, ikazamisha merikebu za Sultani Barghash na kuing'oa mikarafuu kwa maelfu. Mpaka leo karafuu ni habari ya Pemba kuliko Unguja. Meli ya Glasgow, ile ambayo Waingereza waliizamisha katika vita vya dakika arobaini mwaka 1896, Barghash aliiagiza kufidia zilizopotea siku ile. Miaka 80 baadaye, tarehe hiyo hiyo 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kiliingia Lindi. Picha ya tufani ya 1872 yenyewe ikipiga sijapata kuiona, na sidhani kama ingewezekana: bamba la wakati ule lilitakiwa litiwe dawa, lipigwe na lisafishwe lingali bichi, na lilitaka kitu kitulie sekunde kadhaa mbele yake. Usiku wa tufani hakuna kinachotulia. Tunachojua tunakijua kwa kalamu za waliopona.

Turudi ukutani. Mkeka wa wingu ulikuwa umeshafika juu ya meli zilizotia nanga nje, na jua, ambalo saa hiyo liko nyuma yetu upande wa bara, likapata upenyo chini ya mawingu na kumulika kila kitu kwa upande. Mbele giza la bluu, huku minazi na kuta za njano kama zimewashwa kwa ndani. Kisha upinde wa mvua ukasimama baharini, mzima, mguu mmoja upande wa Likoni. Watu wakapiga kelele. Mimi nilisimama, simu juu. Ami hakugeuza hata lenzi. Upinde huja upande ulio kinyume na jua, kwa hiyo pwani inayotazama mashariki huupata baharini jioni, na Mji Mkongwe wa Unguja, unaotazama magharibi, huupata asubuhi. "Upo kila mwaka," akasema. Alikuwa anatazama kitu kingine.

Ilikuwa mashua, ndogo, tanga lake limetiwa viraka viwili, ikitoka nje kuja ndani. Nilikuwa nimeiona tangu mapema bila kuitia maanani. Yeye alikuwa nayo tangu ilipokuwa ukucha kwenye upeo. Ndiyo aliyokuwa akiipimia umbali, ndiyo iliyomfanya asogeze tripodi hatua mbili kushoto wakati mimi nakula mihogo. Sasa ilikuwa kati yetu na wingu, tanga limepigwa na jua mpaka likawa jeupe kama karatasi, na mbele ya mashua ule mstari wa risasi unawakimbilia. Watu watatu. Mmoja kwenye usukani, mmoja ameshika kamba, wa tatu anapanda kwenye mlingoti.

Hapo ndipo aliposhikwa na wasiwasi, na nilijua kwa kuwa alianza kuzungumza nao. "Tua tanga. Tua, tua." Dole liko juu ya shata lakini halibonyezi. Katika nchi nyingine kutazama dhoruba ni starehe. Kule Tofino, pwani ya Kanada inayoelekea Pasifiki, kuna hoteli iliyofunguliwa mwaka 1996 ambayo huuza kipupwe: wageni hulipa wakae nyuma ya vioo vinene wakinywa mvinyo na kuangalia bahari ikivunjika mwambani. Sioni ubaya. Ila hapa kwetu anayesimama dirishani kutazama bahari iliyochafuka kwa kawaida ana mtu wake ndani yake. Meli ya Skagit ilipozama karibu na Chumbe Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, kusi ilikuwa ndiyo hii hii. Nimewahi kumuuliza ami kama haoni haya kuzitafuta picha nzuri mahali pa hofu za watu. Hakunijibu siku ile.

Foromali, mti unaobeba tanga, ikashuka. Tanga likakusanyika kwa mikupuo, likajaa upepo tena kidogo, likabanwa, na wakati huo huo upepo baridi ukafika kwetu ukipeperusha vumbi, vikombe vya karatasi na kofia ya mtu. Alibonyeza. Nilihesabu mara kumi na moja. Kwa mtu aliyejifunzia kwenye mikanda ya picha 36, ambapo kila mbonyezo ulikuwa fedha, kumi na moja ni ubadhirifu. Kisha ukuta wa mvua ukaifunika mashua, tukawa hatuioni tena, na baada ya nusu dakika hatukuona hata reli za ukuta. Tulikimbilia garini tumelowa chapachapa. Hakusema neno mpaka Fort Jesus.

Siku ya tatu nilipita studio kuziona. Akanionyesha kwenye kompyuta: kumi na moja zote upeo umenyooka kama umepigwa rula, maana bahari iliyolala upande, husema, humwaga maji nje ya picha. Tisa nzuri. Moja ilinifanya niinamie kioo. Yule wa kwenye mlingoti amejikunja, uso ameugeuzia wingu, mkono mmoja kwenye kamba. Nyuma yake mkeka wa wingu, chini yake mstari ule, na matone yaliyorushwa na omo yana mikia mifupi. Nikamwambia aichape kubwa leo leo. Akasema bado.

Asubuhi ya jana yake alikuwa amevuka kwa feri kwenda Likoni, akatembea ufukweni kutoka dau hadi dau akiuliza mashua yenye viraka viwili. Hakuipata. Alirudi tena siku iliyofuata. Ndiyo desturi yake, nilikuja kuambiwa na mwanawe: picha yenye watu majini haichapwi wala haiuzwi mpaka ajue walikoishia. Zipo faili ambazo hazijafunguliwa miaka sita. Nikakumbuka swali langu ambalo hakulijibu.

Picha ile sasa iko ukutani studio, kati ya bei za pasipoti na kalenda ya Hijria, haina jina wala sahihi. Maandishi yako nyuma, kwa penseli, na mwenyewe hawezi kukwambia kama yapo. Ukipita pale kupiga picha ya kitambulisho, mwombe aishushe: "Kusi. Mwezi 16, maji yajaa. Watu watatu. Wameshuka wote."